Saa ya Lomnyaki

Kikaratasi kimefungwa kwa uzi kwenye mkanda:
*Lomnyaki, mlinzi, Bomani. Springi.
Shilingi mia na ishirini. Bado hajalipa.*
Ni mwandiko wa baba, herufi zimeinama mbele
kama watu wanaopanda Sekei na mizigo.

Nimerudi Arusha na saa ya mtu mfukoni.
Baba tulimzika Machi. Meza yake ilikaa hapa,
hatua kumi na nne kutoka Mnara wa Saa;
leo kijana anauza laini za simu chini ya mwavuli.
Nikamwomba nisimame kidogo.
"Simama, dada, ila usinizibie wateja."

Wenye mabatiki wakanizunguka: safari? picha? bei ya asubuhi?
Nikawajibu Kimeru. Wakacheka, wakashusha nusu.
Sikununua.

Wanasema mnara huu uko katikati ya Kairo na Keptauni.
Baba alisema, katikati ya Afrika mimi siijui,
najua hapa ni katikati ya kitanda na unga.
Mshale mfupi uko kwenye kumi.
Mzungu anamwambia mwanawe kumi,
mama wa Ngarenaro anamwambia wake saa nne,
wote wawili hawajakosea,
wote wawili wamechelewa.

Nikapanda Barabara ya Boma, mijakaranda imemwaga zambarau
juu ya boneti za magari ya watalii.
Kuta za Mjerumani ni nene.
Anayejenga hivi analala jicho moja wazi.
Dirishani wakauliza: mgeni au mwenyeji?
Nikasema mwenyeji, nikalipa ya mwenyeji,
kisha daftari likauliza *Unatoka wapi*
na mkono ukaandika Dodoma
kabla sijauzuia.

Ndani, nyuma ya kioo, kuna nakala ya nyayo za Laetoli.
Watu walipita kwenye majivu mabichi,
hawakuwa na haraka wala habari,
wakabaki.
Baba alikalia kigoda kimoja miaka thelathini na mmoja
na lami haina hata alama ya mguu wa kigoda.

Binti wa tiketi hamjui Lomnyaki.
Mkata majani akazima mashine.
"Lomnyaki? Yule wa kuuliza saa?
Aliwauliza wageni wote, kutwa,
hadi wakadhani ndiyo salamu yetu.
Alihamia Oljoro. Au Monduli. Zamani, mama."
Akawasha mashine.

Mlinzi asiye na saa hulinda mpaka lini?

Nikavuka Naura kwa miguu hadi Makumbusho ya Azimio.
Nilikuja hapa darasa la tano, tukiwa mistari miwili,
tukaambiwa tusiguse.
Sikugusa tena.
Nikatazama picha za wakubwa, si nyuso,
vifundo vya mikono: saa, saa, saa,
nyingine imejificha chini ya shati.
Mtu fulani alizifungua zilipokufa,
akapuliza vumbi, akakodoa jicho moja,
akazirudisha kwa wenyewe.
Maelezo chini ya picha yanataja mwaka na mahali.

Nje, mwenge wa zege juu ya mnara hauzimwi na mvua,
na mvua ilikuwa inashuka kutoka Meru,
ile isiyotoa taarifa.
Nikajibanza chini ya kibaraza cha duka la mbegu.
Nikaitoa saa, nikaizungusha kifundo mara sita,
taratibu, kama alivyonifundisha, usimkabe mgonjwa.
Ikaanza.
Kumbe aliimaliza. Springi ilikuwa mpya siku zote hizi,
kwenye kopo la maziwa, ikimngoja mtu na shilingi mia na ishirini.

Mtoto wa shule, sweta limelowa, akasimama:
"Shikamoo. Saa ngapi?"
Nilikuwa na simu. Nikatazama ya Lomnyaki.
"Saa nane kasorobo."
Akaamini, akakimbia.

Nikatafuta kalamu kwenye pochi.
Chini ya *bado hajalipa*
nikaandika: inatembea.